TUJENGE MIILI YETU KWA KUNDE, KARANGA NA DAGAA

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Ziwani)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya chakula. Hatusemi chakula cha Idi wala cha harusi. Siku hizo kila mtu anakula vizuri. Tunasema chakula cha siku za kawaida, hasa zile za Januari na Februari, wakati fedha ya korosho imekwisha na mavuno bado yako shambani.

Wako wenzetu wanaosema hivi: "Sisi nyama hatuwezi kununua kila siku. Basi watoto wetu watakuwa dhaifu, tufanyeje?" Neno hili tumelisikia mara nyingi. Leo tunataka tulijibu pamoja nanyi, kwa hesabu na kwa vitu vilivyomo humu humu kijijini petu.

Wazee waliomo hapa wanakumbuka kwamba mazungumzo ya namna hii siyo mapya. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Sasa sisi sote tunajua kusoma. Basi tusome, tena tupige hesabu.

PROTINI NI KITU GANI?

Katika darasa la kisomo tulifundishwa kwamba vyakula viko makundi matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, na vya kulinda mwili. Siku hizi wataalamu wanagawanya makundi zaidi, lakini mafundisho yale bado yanatufaa.

Ndani ya vyakula vya kujenga mwili kimo kitu kinachoitwa protini. Sisi watu wa pwani tunajua dau. Dau linahitaji mbao na misumari ili lijengwe, na linahitaji upepo ili liende. Muhogo, mahindi na wali ni upepo. Vinatusukuma tukalime, tukavue, tukachote maji. Protini ni mbao na misumari. Dau bovu hata ukilipa upepo mwingi halifiki popote. Litazama.

Mtoto anayekua anajenga dau jipya. Mtu mzima kila siku anaziba nyufa za dau lake. Mama mjamzito anajenga dau lake na la mwingine ndani yake. Mama anayenyonyesha naye ni hivyo hivyo. Wote wanahitaji protini, wala siyo siku ya sikukuu tu. Mwili hauna ghala la kuweka protini ya mwezi mzima. Ukila kilo mbili za nyama leo, hazitakujenga mpaka mwezi ujao.

TUPIGE HESABU

Mtu mzima anahitaji protini kiasi gani? Wataalamu wanasema kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake anahitaji gramu 0.83 kwa siku. Basi mtu wa kilo 60 anahitaji:

60 x 0.83 = karibu gramu 50.

Kumbukeni tarakimu hiyo, hamsini. Mtoto mdogo, kwa kila kilo yake, anahitaji zaidi kuliko mtu mzima, maana yeye anakua.

Sasa tuangalie vyakula vyetu. Katika kila gramu 100 za chakula, protini ni kama hivi:

Unga wa muhogo: gramu 2 tu.
Mchele: gramu 7.
Mahindi: gramu 9.
Mtama: gramu 10.
Ufuta: gramu 17.
Korosho: gramu 18.
Njugu mawe: gramu 19.
Nyama ya ng'ombe, mbichi: gramu 20.
Samaki mbichi: gramu 18 hadi 20.
Mbaazi kavu: gramu 22.
Kunde kavu: gramu 23.
Choroko kavu: gramu 24.
Karanga: gramu 25.
Dagaa wakavu: gramu 50 na zaidi.
Yai moja la kuku: gramu 6.

Mmeona? Hebu someni tena taratibu. Kilo moja ya nyama ina protini gramu 200. Kilo moja ya kunde kavu ina gramu 230. Kilo moja ya dagaa wakavu ina gramu 500 au zaidi.

Sasa kazi ya nyumbani ni hii. Nenda gengeni, uliza bei ya kilo ya nyama. Uliza bei ya kilo ya kunde. Gawanya bei ya nyama kwa bei ya kunde. Ukipata nne, maana yake ukinunua nyama unalipa mara nne kwa mzigo ambao karibu ni ule ule. Kwa dagaa fanya hesabu kwa uangalifu. Kilo ya dagaa inaweza kukutisha kwa bei, lakini kilo ile ina protini mara mbili na nusu ya kilo ya nyama. Dagaa wamekaushwa, maji yametoka. Nyama mbichi sehemu kubwa ni maji, na mifupa juu yake.

Lakini tusiseme uongo. Nyama siyo chakula kibaya. Protini yake mwili unaipokea upesi, na ina madini ya chuma ya kuongeza damu. Ina pia vitamini moja, vitamini B12, ambayo kunde na karanga hazina. Vitamini hiyo imo pia ndani ya samaki, dagaa, pweza na mayai. Kwa hiyo hatusemi mtu aache kitoweo chochote cha mnyama. Tunasema nyama ikikosekana mwili haukosi cha kujengea, ikiwa tunajua kupanga.

Na huku kwetu kusini ng'ombe hawakuwahi kuwa wengi. Mbung'o walizuia. Wazee wetu waliishi kwa kunde, mbaazi, njugu, karanga, mtama na vya baharini. Hawakuwa wajinga.

MBAO NA MISUMARI

Protini nazo siyo za namna moja. Nafaka, kama mtama na mahindi, zina misumari ya kutosha lakini mbao ni chache. Kunde, choroko na mbaazi zina mbao nyingi lakini misumari imepungua. Ukila nafaka peke yake, misumari inabaki bila kazi. Ukila kunde peke yake, mbao zinabaki bila kupigiliwa. Ukila vyote viwili, dau linakamilika.

Ndiyo maana kande ni chakula cha akili. Mahindi na kunde ndani ya chungu kimoja, tui la nazi juu, hapo mbao na misumari zimekutana. Wali kwa choroko ni hivyo hivyo. Ugali wa mtama kwa mboga ya mbaazi pia ni hivyo. Siyo lazima viingie chungu kimoja. Ukila kunde mchana na ugali wa mtama usiku, mwili utaviunganisha wenyewe.

Ufuta una misumari mingi. Watu wa Mtwara na Lindi tunalima ufuta kweli kweli, lakini tunauza wote mpaka punje ya mwisho. Nyumba ikibakiza debe moja, ikaukaanga kidogo na kuutwanga, ikatia kijiko ndani ya mboga ya kunde, itakuwa imetia misumari mahali ilipopungua.

MUHOGO UNATAKA MWENZAKE

Sasa tumefika mahali pa hatari. Tunaomba msikilize vizuri.

Muhogo ni rafiki yetu. Unastahimili jua na udongo wa mchanga, na unatuokoa mwaka wa njaa. Lakini muhogo una mambo mawili. La kwanza tumeliona: protini yake ni gramu mbili tu. Mtu akila gramu 400 za unga wa muhogo kutwa, amepata gramu 8. Anahitaji 50. Amepungukiwa gramu 42, na tumbo lake limejaa! Hapa ndipo tunapodanganyika. Kushiba siyo kujengwa.

Jambo la pili ni sumu. Mihogo michungu ina sumu ndani yake. Ikitengenezwa vizuri sumu inatoka. Ikitengenezwa haraka haraka, kwa sababu ya njaa au kwa sababu mnunuzi yuko mlangoni, sumu inabaki ndani ya unga. Mwaka 1988 wilayani Masasi watu walilewa mihogo ya namna hiyo wakati chakula kimepungua.

Upo na ugonjwa mbaya zaidi. Unaitwa konzo. Jina hilo limetoka Kongo, kwa Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, au anatoka shambani mzima, mara miguu inakakamaa. Anatembea kwa ncha za vidole, au kwa magongo, au hatembei kabisa. Akili yake ni nzima. Lakini miguu hairudi kama zamani, wala dawa ya kuirudisha haijapatikana. Wanaopata zaidi ni watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma waliyaona hayo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu elfu moja walipatwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ugonjwa ulionekana Tarime, mkoani Mara. Na katika miaka ya mwanzo ya 2000 ulionekana hapa hapa kwetu, wilaya ya Mtwara, na pia Mbinga. Siyo habari ya mbali, jamani.

Konzo ina uhusiano gani na protini? Uhusiano ni mkubwa. Mwili wa binadamu unajua kuifunga sumu ya muhogo na kuitoa kwa mkojo. Lakini kazi hiyo inahitaji ile misumari tuliyoisema, yaani protini ya namna fulani iliyomo katika samaki, mayai, nafaka na ufuta. Mtu anayekula muhogo mchungu ulioharakishwa, kwa chumvi au kwa majani matupu, wiki baada ya wiki, anaingiza sumu na hana cha kuifungia. Konzo humpata mtu wa namna hiyo.

Basi tufanye mambo mawili. Kwanza, muhogo usikae peke yake kwenye sahani. Uwe na mwenzake: dagaa, kunde, karanga, ufuta, samaki. Pili, unga wa mihogo michungu tuutoe sumu kabla ya kupika. Njia yenyewe ni rahisi, haina gharama hata senti moja:

1. Tia unga mkavu ndani ya bakuli. Usawazishe juu. Weka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia.

2. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka chini ya alama. Endelea kutia maji mpaka unga uliolowa upande tena ufike kwenye alama. Hapo acha.

3. Utandaze unga huo kwenye ungo au mkeka safi. Uwe mwembamba, usizidi unene wa sentimita moja.

4. Uache juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano. Sumu itatoka na kupotea hewani.

5. Songa ugali siku hiyo hiyo. Unga uliolowa usilaze.

Njia hii ilibuniwa na wataalamu wa Australia, ikafundishwa katika vijiji vya Msumbiji na vya huku kwetu. Ugali wake hauharibiki ladha. Haiondoi haja ya kuanika na kukausha makopa vizuri tangu mwanzo, bali inaongeza usalama.

Na kisamvu? Kisamvu ni mboga nzuri, kina protini kuliko mboga nyingine za majani. Lakini kitwangwe sana na kichemshwe sana. Kisamvu cha haraka nacho kina sumu. Ukimaliza kukichemsha, tia karanga zilizotwangwa na tui. Hicho ni chakula cha kujenga mwili, siyo majani tu.

MALI ILIYOMO MIKONONI MWETU

Karanga. Nyinyi mnaijua bandari ya Mtwara. Ile bandari ilijengwa kwa sababu ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa matrekta na fedha nyingi sana. Reli ikajengwa toka Mtwara mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Ukame, vichaka na udongo mgumu vilishinda mitambo. Reli ikaja kung'olewa. Lakini mama zetu na majembe yao waliendelea kupanda karanga kila mwaka, na mpaka leo zinaota. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimetoa mbegu bora za karanga zinazofaa kusini. Mwulizeni bwana shamba.

Karanga zikaushwe vizuri, zisirundikwe mbichi. Zikiota ukungu zinakuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyogeuka rangi, usile, usimpe mtoto, wala usimwuzie mwenzako.

Mbaazi. Mwaka 2017 bei ya mbaazi ilianguka vibaya, kwa sababu India, mnunuzi mkubwa, iliweka mpaka wa mbaazi inazonunua nje. Wakulima wengi wa kusini walibaki na magunia na huzuni. Tunalo la kujifunza hapo. Zao la kula na kuuza ni bora kuliko zao la kuuza tu. Bei ikianguka, korosho na mbaazi zote zinakusikitisha, lakini mbaazi angalau unaweza kuipika kila siku. Nyumba yenye gunia moja la mbaazi siyo nyumba ya kulala njaa.

Njugu mawe. Hizi zinastahimili ukame kuliko karanga. Shida yake ni kuni, zinachelewa kuiva. Dawa ni kuloweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, pika. Kunde na mbaazi kavu pia ziloweke. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo afadhali maji ya usiku kuliko magadi mengi.

Mayai na kuku. Wako wanaosema mama mjamzito asile yai, mtoto atazaliwa hana nywele. Wengine wanasema mtoto akila yai atakuwa mwizi. Sasa sisi tunauliza: wezi wote mnaowajua walilelewa kwa mayai? Yai ni chakula kamili, mbao na misumari zimo ndani ya ganda moja. Shida yetu ya kweli ni mdondo, unaomaliza kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Ipo chanjo iitwayo I-2. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine. Ni tone moja kwenye jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Wana kijiji wakichanja siku moja wote, kuku watabaki na mayai yatabaki.

Vya baharini. Wakati wa bamvua maji yanatoka mbali, akina mama wanapata pweza, chaza na kome. Usiku wa giza la mwezi dagaa wanavuliwa kwa taa. Basi tupange. Siku za neema tukaushe dagaa juu ya vichanja, siyo juu ya mchanga, ili tusile mchanga nao. Siku za maji mafu tule vilivyokauka pamoja na kunde.

Lakini bahari nayo ni shamba, na shamba likichomwa moto halizai. Baruti ilivunja miamba yetu miaka mingi, na mwamba uliovunjika hauna samaki. Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Tunajua wako wavuvi wasiofurahia masharti yake, na haki yao ya kusikilizwa katika mikutano ipo. Hata hivyo, yeyote anayevua kwa baruti anaiba protini ya watoto wa wenzake. Na chandarua ni cha kujikinga na mbu. Ukikivulia, unazoa vifaranga vya samaki ambavyo vingekuwa kitoweo mwakani.

NANI ANAKULA NINI NYUMBANI?

Hapa tutasema wazi, hata kama neno litachoma. Nyumba inaweza kuwa na protini ya kutosha, na mtoto akakosa. Inakuwaje? Samaki anapikwa mmoja. Baba anapewa kipande cha kati. Mgeni anapewa kichwa. Mtoto anatiliwa mchuzi juu ya ugali. Tunasema naye kala samaki. Hapana! Mchuzi ni maji yaliyopitiwa na samaki. Nyama ya samaki ndiyo iliyo na protini, na hiyo imekwenda kwingine.

Wengine wanauza samaki wote feri Mtwara, wanarudi na sukari na soda. Kuuza siyo kosa, fedha inatakiwa. Lakini kabla ya kuuza, toa fungu la watoto kwanza. Iwe sheria ya nyumba.

Mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Kisha aanze kula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili. Uji wa unga wa muhogo mtupu haumjengi. Chukua vikombe vitatu vya unga wa mtama au mahindi, na kikombe kimoja cha unga wa kunde zilizokaangwa, zikamenywa na kusagwa. Pika mpaka uive sawasawa. Ukiipua, tia kijiko cha karanga zilizotwangwa laini kabisa. Uji uwe mzito, usimwagike upesi kutoka kwenye kijiko. Tumbo la mtoto ni dogo, kwa hiyo ale mara nyingi. Dagaa waliosafishwa na kutwangwa kuwa unga nao unatiwa kwenye mboga yake.

Mtoto akivimba miguu, nywele zikawa nyekundu na nyepesi, akawa mnyonge hataki kucheza, huo ni unyafuzi. Wataalamu wanasema unyafuzi una sababu zaidi ya moja, protini siyo peke yake. Maradhi ya kuhara na chakula duni vinasaidiana kumwangusha mtoto. Hapo usingoje. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Huku kwetu mtoto wa namna hiyo mara nyingi husemwa amebemendwa, yaani wazazi walikutana kabla hajaacha ziwa. Mama anaona haya, anamficha mtoto ndani, siku zinapita. Jamani, watoto wanakufa kwa kufichwa. Ni kweli wazee waliona jambo la maana, kwamba mimba za kufuatana upesi zinamdhuru anayenyonya. Mwaka 1935 daktari mmoja wa kike, Cicely Williams, aliandika juu ya ugonjwa huu akiwa Ghana. Alitumia jina walilolitumia wenyeji wa huko, na maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Basi wazee wa Ghana na wazee wa kwetu waliona kitu kile kile. Lakini dawa siyo kumlaumu mama. Dawa ni matibabu, chakula, na kupanga uzazi.

CHAKULA CHA SIKU MOJA

Tumalize hesabu yetu. Tumesema mtu wa kilo 60 aliyekula gramu 400 za unga wa muhogo amepata gramu 8. Tumwongezee:

Kunde kavu gramu 100 (nusu kikombe hivi, kabla ya kupika): gramu 23.
Karanga gramu 40 (konzi moja): gramu 10.
Dagaa wakavu gramu 20 (konzi ndogo): gramu 10.

8 + 23 + 10 + 10 = gramu 51.

Hamsini imefika, na moja imezidi. Nyama hakuna hata kipande. Na katika hivyo vinne, vitatu tunavilima wenyewe.

Ndugu zetu, hatukuja kuwaambia mwe matajiri ndipo mle vizuri. Tunawaomba mambo machache. Kabla ya kuuza, toa fungu la nyumba. Muhogo upe mwenzake. Unga mchungu uloweshe na uanike. Mtoto apewe kipande, siyo mchuzi. Na wewe uliyesoma karatasi hii, msomee jirani ambaye macho yake hayaoni vizuri.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, nyumba zinakula nini mwezi wa Februari? Hesabuni protini yake.

2. Kilo ya nyama, ya kunde na ya dagaa ni bei gani wiki hii? Ipi inatoa protini nyingi kwa shilingi elfu moja?

3. Nani kikundini amekwisha jaribu kulowesha na kuanika unga wa mihogo? Chagueni siku mwonyeshane.

4. Katika nyumba yako, nani anapakuliwa kwanza, na nani wa mwisho?

5. Kijiji kifanye nini ili kuku wote wachanjwe siku moja?